Visima vya ufuatiliaji kando ya marudio ya zamani: dalili, chanzo na tiba

Simu huwa inaingia jioni. "Fundi, kile kisima namba tatu kimesoma pH 11.8. Plenti imevuja?" Anayepiga ana hofu ya kweli: kisima hicho ni cha ufuatiliaji, cha kuchunguza kama maji ya ardhini yamechafuliwa na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Matangi ya plenti, kiwanda cha kuchenjua dhahabu kwa sianidi, huendeshwa kwa chokaa kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10.5 hadi 11 ili sianidi isitoke kama gesi, kwa hiyo pH kubwa chini ya lundo la marudio inaweza kuwa habari mbaya. Ila mara nyingi, ukifuatilia, unakuta plenti haina kosa. Kilichovuja ni uji wa saruji tulioumimina sisi wenyewe siku ya kujenga kisima.

Haya nayaandika kwa ajili ya mafundi na maofisa mazingira wa Kanda ya Ziwa, ambako marudio ya vinu, magwangala (mawe ya taka ya migodi) na mifusi ya maduara (mashimo ya wachimbaji) ya zamani yamekaa jirani na mashamba ya watu na visima vyao vya kunywa. Mengi yatamfaa pia aliyeko Migori, kule Macalder ambako mgodi ulifungwa mwaka 1966, au Kasese, ambako taka za shaba ya Kilembe zimeacha ukanda wa ardhi tupu isiyoota nyasi hadi ndani ya hifadhi. Jambo ninalolisisitiza ni moja: kisima kikikupa jibu la ajabu, kishuku chenyewe kabla hujalishuku lundo. Na kikikupa jibu zuri mno, kishuku vilevile.

Ili tuelewane, kisima ninachokizungumzia ni shimo la milimita 150 hivi lenye bomba la PVC la inchi mbili ndani yake, bomba la kufungana kwa nyuzi, chini likiwa na skrini, sehemu yenye matundu ya kuingizia maji, ya mita tatu. Kuzunguka skrini kuna mchanga wa kichujio, unaopanda nusu mita na zaidi kidogo juu ya skrini. Juu ya mchanga kuna kizibo cha bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) kisichopungua mita moja, juu yake uji wa saruji na bentonaiti hadi karibu na uso wa ardhi, kisha zege, bomba la chuma la ulinzi na kufuli. Karibu kila tatizo hapa chini linatokana na mojawapo ya tabaka hizo kutokaa mahali pake.

pH imevuka 10

Maji ya asili ya miamba yetu ni nadra kuvuka 9. Ukiona 11 au 12, una watuhumiwa wawili: chokaa ya plenti na saruji ya kisima.

Anza kwa kuwatenganisha. Chukua sampuli ya sianidi, iweke soda kali hadi pH ipite 12, ipeleke kwenye ubaridi na giza. Kama sianidi haipo kabisa na pH iko 11.8, plenti imeanza kutoka kwenye orodha, kwa sababu chokaa ikisafiri makumi ya mita ndani ya udongo hupoteza makali yake njiani. Halafu pampu kisima huku ukisoma pH kila dakika tano. Ikishuka taratibu kutoka 11.8 hadi 8 na ikabaki hapo hata kesho yake, ulikuwa na mabaki ya saruji tu. Endelea kukisafisha. Ikishuka unapopampu na asubuhi ukaikuta imerudi 11, saruji imegusa mchanga wa skrini. Hiyo haiponi. Nimeona watu wakipampu kisima cha namna hiyo miezi mitatu wakitumaini, na mwisho wakachimba kingine mita mbili pembeni.

Chanzo karibu kila mara ni kizibo chembamba, au saruji iliyomiminwa kutoka juu kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Uji mzito ukianguka mita 15 unapiga bentonaiti laini, unaipasua, unazama hadi kwenye mchanga. Tumia bomba dogo la kushushia, lifike karibu na kizibo, mdomo wake utoboe pembeni na si chini, na uji upande kutoka chini kwenda juu. Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 hadi 30. Fundi akiongeza ndoo "ili ipite vizuri", maji ya saruji ndiyo yatakayokwenda kwenye skrini yako. Na bentonaiti uipe muda wa kuvimba. Jua linazama, dereva wa rigi (mashine ya kuchimbia) anataka kuondoka, najua, lakini saa hizo chache ndizo kisima chenyewe.

Ndoo moja ya mchanga imepandisha kina mita tatu

Hii si dalili ya kisima kilichokamilika, ni dalili ya siku ya kujenga, na ukiikamata hapo unaokoa kila kitu kinachofuata.

Fanya hesabu kabla ya kumimina. Shimo la milimita 150 lenye bomba la nje milimita 60 lina uwazi wa pembeni wa lita 15 hivi kwa kila mita. Ndoo ya lita 20 ipandishe mchanga mita moja na robo, au moja na theluthi. Mimina ndoo, shusha kamba yenye uzito, pima, andika. Ndoo moja ikipandisha mita tatu, mchanga haujafika chini. Umekwama katikati na kujenga daraja, na chini yake kuna uwazi mtupu. Litikise bomba, mwagia maji safi kidogo, ligongegonge daraja kwa fimbo ya bomba dogo. Usiongeze ndoo nyingine juu yake.

Kinyume chake, ndoo nne zikiingia na kamba isisogee, ukuta wa shimo umebomoka na kufanya tumbo, au mchanga umepita kwenye mwanya. Kwenye marudio laini hili ni la kawaida. Kwenye mwamba wa zamani wa dhahabu linaweza kuwa duara la wachimbaji, na hilo nitalirudia.

Bentonaiti ya vidonge nayo hujenga daraja, tena haraka kuliko mchanga, kwa sababu inaanza kunata ikigusa maji tu. Tia kidogo kidogo. Na usisahau kwamba bentonaiti haipendi maji ya chumvi wala ya asidi kali: humo huvimba nusunusu na kukuachia nyufa. Kama maji ya kwenye shimo yana EC (uwezo wa kupitisha umeme, kipimo cha chumvi) kubwa sana, mwaga maji safi ya kutosha unapoitia, na kama kizibo kiko juu ya usawa wa maji, maji ya kuivimbisha ni lazima uyalete wewe.

Mvua imenyesha saa nane, saa kumi kisima kimepanda nusu mita

Maji ya kweli ya chini ya ardhi hayana haraka hiyo, isipokuwa kama yako karibu sana na uso au mwamba una nyufa wazi. Mara nyingi maji ya mvua yameshuka kando ya bomba.

Piga magoti utazame zege. Ufa kati ya zege na bomba la chuma unaoingiza kucha unatosha. Angalia kama udongo umezama na kufanya kisahani. Zege linatakiwa liinamie nje ili maji yakimbie. Kisha pima EC kabla na baada ya mvua: ikishuka ghafla, maji ya mvua yanaingia moja kwa moja. Ikipanda ghafla, ni baya zaidi, maana mvua inaosha marudio na kuyashusha kwenye kisima kupitia njia uliyoichimba wewe.

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote linapojificha. Ndani ya lundo la marudio mara nyingi kuna maji yake yenyewe, yamekwama juu ya tope laini la kijivu lisilopitisha kitu. Maji ya asili yako mita nyingi chini. Mchimbaji asiyejua anatoboa moja kwa moja kutoka juu ya lundo hadi chini, anaweka skrini, anapata maji machafu, anaandika "maji ya ardhini yamechafuka". Yalikuwa safi asubuhi hiyo. Amefungua dirisha.

Tiba ni kutolichimba lundo kama si lazima: kaa pembeni, upande wa chini wa mtiririko, kwenye udongo wa asili. Ikilazimu kupita ndani yake, chimba kwa hatua. Shimo pana kwanza hadi mita moja au mbili ndani ya udongo wa asili usiopitisha maji, weka bomba pana, lifungie kwa saruji, subiri iive, ndipo uendelee na shimo jembamba ndani yake baada ya kuosha vifaa vyote. Ni ghali. Kwa pesa hizo ungechimba visima viwili vya pembeni, na mara nyingi ndivyo ninavyoshauri.

Tope haliishi

Umepampu saa nne, maji bado kama uji wa ulezi. Sababu tatu. Matundu ya skrini ni makubwa kuliko chembe za udongo: marudio ya kinu yamesagwa kama unga, na skrini ya nusu milimita haitayazuia, tumia ya robo milimita na mchanga laini unaolingana nayo. Au hukukisafisha kisima kwa kusukuma na kuvuta, umepampu tu upande mmoja, chembe zimejipanga kama mlango unaofunguka ndani. Tumia pistoni (kifaa kinachobana ndani ya bomba), panda na shuka mita kwa mita ndani ya skrini, chota tope, rudia. Au mchanga wa kichujio haupo pale unapodhani, na hapo rudi kwenye hesabu ya ndoo.

Kompresa inasafisha haraka, na mafundi wetu wanaipenda kwa sababu iko tayari kwenye rigi. Hewa hiyo inaingiza oksijeni na kufukuza gesi ya kaboni iliyoyeyuka, pH inapanda, chuma inaganda. Ukiitumia, usichukue sampuli siku hiyo. Kipe kisima wiki moja hadi mbili kipumzike. Na hakikisha kompresa haitemi mafuta. Weka kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba kwa dakika moja ukione.

Risasi na zinki zimepanda mara kumi, awamu hii ya sampuli tu

Uliza kwanza kama sampuli ilichujwa. Maji yenye tope yakitiwa asidi ya nitriki bila kuchujwa, asidi inazichemsha chembe za udongo ndani ya chupa njia nzima hadi maabara, na unachopima si maji tena. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 palepale kisimani, kisha asidi hadi pH iwe chini ya 2. Ukitaka jumla ya metali, chukua chupa ya pili isiyochujwa na uandike NTU yake (kipimo cha tope ndani ya maji).

Zinki peke yake? Tafuta bomba la mabati. Zinki na shaba pamoja? Uliza walipaka grisi gani kwenye nyuzi za mabomba ya kuchimbia. Harufu ya dawa na kemikali za plastiki zisizoeleweka? Mtu ametumia gundi ya PVC badala ya nyuzi. Chuma cha pua kinaonekana cha kifahari, lakini kwenye maji ya asidi yenye chumvi kinalika na kutoa nikeli na kromiamu. Kwa kazi ya metali, PVC ya kawaida ndiyo rafiki yako.

Maji yametoka meupe, yamefika maabara kama chai ya rangi

Hii naipenda kwa sababu ni darasa ndani ya chupa. Unachota maji maangavu, pH 5.9, unafunga chupa bila asidi. Ukifika Mwanza kuna vumbi la rangi ya kutu chini, na maabara inasoma pH 3.6. Hakuna aliyekosea kusoma. Chuma ilikuwa imeyeyuka kwa sababu huko chini hakuna oksijeni. Imekutana na hewa, imeganda, na katika kuganda imetoa asidi. Ndiyo maana pH, EC na oksijeni hupimwa kisimani, na sampuli ya metali huchujwa kabla haijapata hewa.

Lakini usiishie kwenye chupa. Chuma nyingi, salfeti nyingi na pH inayoshuka mwaka hadi mwaka ni sahihi ya madini ya salfaidi, ile "dhahabu ya wajinga", yanayooza kwa hewa na maji. Kama pH bado iko 6 au 7 lakini salfeti inapanda kila awamu, asidi inazalishwa na kitu fulani bado kinaimeza, kwa kawaida madini ya chokaa. Siku yakiisha, pH itaporomoka. Salfeti ndiyo inayotangulia kufika. Ipe nafasi ya kwanza kwenye jedwali lako. Chuma hiyohiyo huziba skrini kwa ute wa rangi ya machungwa, na kisima kilichokuwa kikijaa kwa dakika kumi kinachukua saa nzima. Kipige brashi na pistoni; usimwage klorini wala asidi bila kujua kwamba umeharibu kemia ya awamu kadhaa zijazo.

Zebaki haionekani, na kila mtu anajua ilitumika

Zebaki ya kukamatia dhahabu haipendi kuyeyuka kwenye maji ya kawaida. Inashika tope na mizizi, inakaa juu. Kwa hiyo kisima safi upande wa zebaki si uongo, wala si kibali cha kulima mchicha juu ya marudio. Mambo hubadilika pale marudio yaliyopitishwa zebaki yanapopelekwa tena kwenye matangi ya sianidi, jambo linalofanyika kila siku. Sianidi inaibeba zebaki ndani ya maji kama inavyoibeba dhahabu. Chini ya plenti ya namna hiyo, pima vyote viwili kwa siku moja. Na hakikisha maabara inaweza kusoma chini ya mikrogramu 6 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Jibu la "chini ya 50" halikwambii kitu.

Kisima cha juu nacho ni kichafu

Kile cha upande wa juu wa mtiririko kinatakiwa kuonyesha maji kabla hayajakutana na lundo. Kikiwa na aseniki, watu hukimbilia kusema kimechimbwa vibaya. Huenda. Lakini miamba yenye dhahabu ya Kanda ya Ziwa ina aseniki ya kwake, na maji yanaweza kuvuka mikrogramu 10 kwa lita bila mkono wa mtu. Granaiti za Shinyanga na Mwanza zina floridi ya kwao. Hakikisha kisima cha juu kiko kwenye mwamba wa aina ileile na cha chini, na kwamba kweli kiko juu. Mteremko wa ardhi unadanganya, hasa pale ambapo lundo lenyewe limejenga kichuguu cha maji kinachosukuma pande zote. Unahitaji visima visivyopungua vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja, midomo ya mabomba ikiwa imepimwa kwa levo ya wapima ardhi, siyo kwa GPS ya simu. Kosa la nusu mita kwenye mdomo wa bomba linatosha kuugeuza mto wa chini uelekee nyuma.

Kimekauka Septemba

Mlichimba Aprili, maji yalikuwa juu. Skrini imekaa kwenye maji ya masika. Chimba mwisho wa kiangazi, au shusha skrini chini ya kina cha maji ya kiangazi na uache nafasi. Hakuna dawa nyingine.

Shimo linakunywa maji, au nyundo imedondoka ghafla

Simamisha. Umekuta uwazi, pengine duara lililosahaulika, na rigi yenyewe inaweza kuwa imesimama juu ya paa lake. Ondoa watu, sogeza rigi, ulizia wazee wa kijiji. Wanakumbuka matimba (magogo ya kushikilia maduara) yalikuwa wapi kuliko ramani yoyote. Usiinamie mdomo wa shimo. Mifusi yenye salfaidi hula oksijeni na kutoa hewa nzito ya kaboni inayokaa chini, na maji ya asidi yakikutana na mabaki ya sianidi hutoa gesi inayoua. Kipimo cha gesi kiwe kifuani kwa mchimbaji, siyo kwenye boksi la gari.

Kina kimepungua mita mbili na maji yapo

Mawe. Watoto wamesikia sauti ya jiwe likianguka na wameipenda. Kufuli inasaidia, kuzungumza na mwalimu wa shule ya jirani kunasaidia zaidi. Andika kwenye bomba, kwa rangi isiyofutika, kwamba maji haya si ya kunywa, kwa sababu mwezi wa tisa kuna mama atakayekuja na kamba na kopo.

Kisima kimeshindikana

Kama saruji imegusa skrini, au kimeunganisha maji ya lundo na ya chini, kukiacha hivyo ni kuacha bomba la maji taka wazi. Usikifukie kwa udongo na kwenda zako. Ng'oa bomba kama linatoka. Kama halitoki, litoboe. Shusha bomba dogo hadi chini kabisa, jaza uji wa saruji na bentonaiti kutoka chini hadi utokeze juu. Tumia saruji inayohimili salfeti pale ambapo maji ni ya asidi, ya kawaida italika. Rudi kesho yake: uji utakuwa umekaa na kushuka. Ongeza. Mpe taarifa ofisa wa bonde aliyetoa kibali, na kwenye jedwali namba ya kisima hicho usiipe kingine. Kipya kiandike 3B.